Paka Atokaye Nyumba Inayojulikana



Kila mwaka baada ya mavuno, nyumba zetu hapa Songea hujaa magunia ya mahindi, na yakijaa mahindi hujaa panya. Mwaka juzi walinizidi. Walitoboa magunia 4, wakala ukindo wa mkeka wa kusalia, hata wakaingia katika sanduku la misahafu na juzuu za wanafunzi wangu. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kutafuta paka kwa haraka, na haraka yangu ndiyo khabari ninayotaka kuwasimulia.

Karibu na stendi nilimkuta kijana mwenye boksi, na ndani yake vitoto 5 vya paka. Nilimwuliza umri wao, akasema miezi miwili. Nilimwuliza mama yao yuko wapi, akasema yuko nyumbani. Nami sikuuliza nyumba ipi. Nikatoa shilingi 5,000, nikamtia mmoja kikapuni. Mjukuu wangu alipomwona alifurahi furaha isiyo kifani. Tukampa maziwa ya ng'ombe. Usiku akaanza kuhara, asubuhi macho yake yakawa yamegandana, na siku ya tatu, kabla ya adhana ya Alasiri, akafa juu ya kipande cha kanga cha yule mtoto.

Jioni ile, baada ya kumzika nyuma ya nyumba, mtoto aliniuliza: "Babu, na sisi tutakuwa kama yule mwanamke?" Alikusudia yule mwanamke aliyetajwa katika Bukhari na Muslim, aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Hadithi hiyo mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimjibu kuwa sisi hatukumnyima chakula. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikunitosha mwenyewe, kwani chakula nilichompa ndicho kilichomdhuru, na umri wake niliununua kwa maneno ya mtu nisiyemjua.

Nilikwenda kwa bwana mifugo. Kwa sifa nilizomweleza, alisema yule hakuwa ametimiza hata mwezi mmoja na nusu. Paka, alisema, huanza kuonja chakula wiki ya 4, lakini haachi ziwa sawasawa mpaka wiki ya 8 hivi, na kabla ya hapo asitengwe na mama yake. Tena maziwa ya ng'ombe humharisha. Akanifundisha kumtazama: macho makavu, pua safi, masikio yasiyo na uchafu mweusi, tumbo lisilovimba kama ngoma kwa minyoo, na nyuma kusiko na alama za kuhara. Akitimiza miezi 3 apigwe sindano ya kichaa cha mbwa, maana maradhi hayo, ijapokuwa yana jina la mbwa, humpata paka pia, na mtu yakimdhihirikia dalili zake ni nadra mno kupona. "Lakini Maalim," akasema, "kabla ya kumtazama mtoto mtazame mama yake, na nyumba aliyozaliwa."

Nikaelekezwa kwa bibi mmoja wa Kingoni, Mkristo, mtaa wa Mfaranyaki. Paka wake alikuwa amelala jikoni na watoto 3, mnene, mpole, akajiachia kushikwa. Nikadhani nitachukua mmoja niondoke. Kumbe yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Nani atamlisha? Je, kuna mbwa? Mnatega sumu ya panya? Na majirani zenu je? Moyoni nilikasirika kidogo, maana nimezoea kuwauliza watu, si kuulizwa kama mwanafunzi wa alifu na be. Akatambua. "Usinikasirikie, Maalim," akasema, "niliwahi kutoa paka mzuri kwa watu, akala panya aliyekula sumu, akafa. Sasa siwezi kutoa bila kuuliza." Hakika sumu nilikuwa nayo nyumbani, juu ya boriti. Nikamwambia kweli. Akasema nikaitoe kwanza, nirudi baada ya wiki 2, watoto watakapokuwa wametimiza miezi miwili.

Mwalimu mwenzangu aliyepata kukaa Malindi, nilipomsimulia haya, alinieleza khabari za paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambaye Wagiriama humwita khadzonzo kwa kuwa madoa yake hufanana na gome la mti. Mwaka 1978 mama mmoja wa Kizungu, Jeni Slater, alikuta vitoto vya paka hao katika pwani ya Kenya akawafuga; baadhi ya wazao wao wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirika la wafugaji liitwalo FIFe likawakubali kuwa ni aina mbali. Wafugaji wa paka hao huandika nasaba ya kila mmoja. Sisi hatuna daftari. Daftari letu ni mama paka mwenyewe, aliyelala jikoni.

Niliporudi, sumu nimekwisha kuiondoa, nilitaka kulipa. Imepokewa kwa Jabir katika Sahihi Muslim kuwa thamani ya paka ilikemewa; lakini wanazuoni wengi wameruhusu kumwuza, na Imam Nawawi ameeleza kuwa makemeo hayo yamkusudia paka asiye na manufaa, au ni ya kuhimiza watu wapeane tu. (Mbwa ni mlango mwingine: kwetu Mashafii kumwuza hakusihi, ijapokuwa kumfuga kwa kulinda shamba au mifugo kumeruhusiwa.) Bibi hakutaka fedha. Nikampelekea kilo 2 za mchele, zawadi kwa zawadi.

Mjukuu wangu amemwita paka Huraira, kwa kuwa nilimwambia kuwa Abu Huraira maana yake ni baba wa kipaka. Misahafu i salama. Na yule bibi, akinikuta sokoni, huniuliza kwanza hali ya paka, ndipo aniulize yangu.