Kisu cha bei ndogo, adabu kubwa

Katika nyumba zetu kisu cha kuchinjia hupewa heshima yake. Huwekwa juu, mbali na mikono ya watoto. Hunolewa kabla ya Idi, tena kando, asije mnyama akayaona makali. Siku ikipita, husafishwa na kurudishwa mahali pake, na kila mtu mzima nyumbani anajua mahali hapo ni wapi. Lakini kiko kisu kingine ambacho hakiwekwi juu, hakina ala, wala hakuna anayemuuliza mwenzake kimelala wapi. Ni kile kidogo chenye mpini wa plastiki, ambacho wembe wake husukumwa kwa kidole gumba ukatoka, na ukivutwa hurudi ndani. Ndicho tunachokatia maboksi, kamba, magunia na utepe wa gundi.

Nina duka la vyombo vya nyumbani karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kwetu kwa asili ni Iringa. Kila mzigo mpya unapofika, kisu hicho hutangulia kufanya kazi kabla ya kalamu na daftari. Bei yake haizidi sana ya chai na chapati. Kwa kuwa ni rahisi, nyumba nyingi zina viwili au vitatu: kimoja dirishani, kimoja kati ya vijiko, na kimoja kimepotea bila kutafutwa. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, wasomaji wapendwa. Kitu kikiwa cha bei ndogo, nafsi hukidhania kuwa na hatari ndogo pia. Makali hayajui bei.

Nisafiripo kwenda Iringa, basi hupita Isimila, kama kilomita 20 kabla ya mji. Mahali hapo, katika uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958 ulioongozwa na F. Clark Howell, zilipatikana zana nyingi za mawe zilizotumiwa na wanadamu wa kale sana. Shoka la mkononi la Isimila halina mpini. Aliyelitumia ilimlazimu kujua wapi pa kushika na wapi pa kukatia, maana jiwe ni lile lile moja. Zama nyingi baadaye wakaja wahunzi wa chuma. Katika nyanda zetu hizi Wakinga wa milima ya Livingstone walijulikana kwa majembe na mikuki waliyowapelekea Wanyakyusa. Kazi ya mhunzi haikuwa ya kutupwa. Marehemu babu yangu alikuwa na kisu kimoja alichokinoa juu ya jiwe la mtoni kwa miaka mingi, hata bapa lake likawa jembamba kama jani la muwa. Hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kukinoa kabla ya kufundishwa kukishika. Kunoa kulikuwa darasa.

Kisu chetu cha maboksi kimetoka katika fikra nyingine. Mwaka 1956, mjini Osaka, Japani, Yoshio Okada alikuwa katika kazi ya kukata karatasi kwa wembe. Ncha ikiwa butu, wembe ulitupwa mzima, ilhali sehemu yake kubwa haijaguswa. Inasimuliwa kwamba aliwakumbuka mafundi viatu waliokata ngozi kwa kioo, wakikivunja upya kila makali yalipokwisha, na akakumbuka pia chokoleti za askari wa Marekani zilizochorwa mistari ya kumegea. Akauchora wembe mistari kama hiyo. Ncha ikichoka, unaivunja, na nyingine imekwishatokea. Kampuni yake ikaja kuitwa OLFA, jina lililoundwa kwa maneno ya Kijapani yenye maana ya wembe unaovunjwa. Visu vingi tunavyouziwa sokoni, hata vile visivyo na jina, ni wajukuu wa wazo hilo.

Faida yake haina shaka. Hapahitajiki tupa wala jiwe, na mwenye kipato kidogo hupata makali mapya wakati wowote. Lakini pamoja na jiwe la kunolea, darasa la babu nalo limeondoka. Na limeingia swali ambalo wazee wetu hawakutuachia wasia juu yake: kile kipande kilichovunjwa kinakwenda wapi?

Jirani yangu mmoja alilipata jibu kwa machungu. Mwanawe wa miaka saba alikuwa akitoka madrasa jioni, akapita nyuma ya safu ya maduka, mahali ambapo mabaki ya maboksi hufagiliwa. Kipande cha wembe, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilipenya kandambili na kuzama unyayoni. Mtoto alishonwa, akachomwa sindano ya pepopunda, na kwa wiki mbili mama yake akawa anambeba mgongoni kwenda madrasa na kurudi, kwa kuwa alikataa kukosa somo. Siku nilipokwenda kuwajulia hali, mama yule aliniuliza kwa upole, "Nimdai nani, dada yangu? Wote mna visu vya namna moja." Sikuwa na neno la kumjibu. Kipande kile hakikuwa na jina la mwenyewe.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu yeyote. Sisi wafanyabiashara tuzingatie kwamba soko limetajwa pamoja na msikiti. Katika Hadithi ya Jabir iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, alikataza watu kupokezana upanga ukiwa nje ya ala. Na wengi wetu tumehifadhi tangu utotoni kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Ikiwa kukiondoa alichokiacha mwingine ni imani, basi kutokiacha sisi wenyewe kunatangulia.

Baada ya mkasa ule, wenye maduka wa safu ile walikubaliana jambo jepesi. Kila duka liwe na kopo la maziwa ya unga lenye tundu dogo kwenye kifuniko, na kila kipande cha wembe kiingie humo. Ni hekima ile ile ya hospitali, ambako sindano zilizotumika hutumbukizwa katika kisanduku chao maalumu na wala haziachwi kwenye taka za kawaida. Kopo likijaa, hufungwa kwa utepe, huandikwa WEMBE kwa herufi kubwa, kisha hufukiwa katika shimo refu mbali na bustani na michezo ya watoto. Nyumbani nako kopo dogo latosha kwa muda mrefu, na nyembe za kunyolea zina haki ya kuingia humo.

Yako na mengine ya kuangalia. Unaponunua, usitazame rangi ya mpini. Toa wembe, ufunge, kisha ubonyeze ncha kwenye kipande cha boksi. Wembe ukirudi nyuma wenyewe, kifungio ni kibovu, na kisu hicho ni ghali hata ukipewa bure. Unapokata, toa ncha fupi tu, kiasi cha unene wa boksi. Wembe mrefu huvunjika, na hufika kwenye bidhaa iliyo ndani. Elekeza makali mbali na mwili wako, na mkono wa pili usiwe mbele ya njia yake. Ncha ikiwa butu, usiongeze nguvu, kwani nguvu ndiyo inayotelezesha mkono. Ivunje kwa koleo, ukiielekeza chini, mbali na uso. Ukimaliza, rudisha wembe ndani kabla ya kukiweka kisu chini, si baada. Na watoto wa shule wanunuliwe kichongeo, wasiachiwe wembe mtupu wa kuchongea penseli ndani ya mkoba.

Mpwa wangu wa Iringa, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuja likizo akataka kunisaidia dukani. Nilimfundisha haya kwa siku mbili kabla ya kumpa kisu. Siku ya tatu nilimwomba anipatie nami nifungue boksi. Alirudisha wembe ndani, akaugeuza mpini kwangu, akangoja hadi vidole vyangu viushike ndipo akauachia. "Shangazi, umeshika?" akauliza. Nikamwambia nimeshika. Huyo hatapoteza kisu hata kikiwa cha bei gani.

Basi jioni hii, kabla ya Isha, tuulizane majumbani mwetu swali moja: kile kisu kidogo kiko wapi? Asiyepata jibu aanze kukitafuta mwenyewe, kabla mtoto hajatangulia kukiona. Kisha atafute kopo. Allah (s.w.) atulindie watoto wetu na watoto wa jirani zetu.