Manga za Bure na Haki ya Mtunzi

 

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, mwaka huu tulipofika mlango wa biashara katika somo la fiqhi, suala lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote halikuwa riba wala rehani. Lilikuwa la manga, yaani zile katuni za Kijapani ambazo vijana wetu huzisoma kwenye simu. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadh, zile za bure za kwenye intaneti ni halali?" Darasa zima likacheka, kisha likanyamaza kusubiri jibu. Tukajua kuwa ameuliza kwa niaba ya wengi.

Kwa wazazi wasiozijua, manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na huenda ndiyo maana watoto wa madrasa hawapati taabu nazo. Nyingi hutoka kwanza katika majarida. Mashuhuri kati ya hayo ni Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha ya Tokyo, lililoanza mwaka 1968, na humo ndimo inamotoka One Piece ya Eiichiro Oda tangu mwaka 1997. Sura moja ya wiki haifiki kurasa 20 kwa kawaida, lakini kurasa hizo humchosha mchoraji na wasaidizi wake wiki nzima. Kisha hutokea mtu akalipata jarida mapema, akapiga picha kurasa zake, wenzake wakafuta maandishi ya Kijapani, wakatafsiri kwa Kiingereza na kuzitia mtandaoni, mara nyingine kabla jarida lenyewe halijafika dukani. Baadhi yao hufanya kwa mapenzi tu. Wenye tovuti ndio hula fedha za matangazo, na mchoraji hapati hata senti.

Hoja ya kwanza ya wanafunzi ilikuwa kwamba hakuna kilichochukuliwa: chake mwenyewe kipo pale pale. Hoja hii ina nguvu na hatukuipuuza. Aliyeibiwa kuku hana kuku, lakini aliyenakiliwa bado anacho chake. Basi tukawakumbusha kaswida zetu. Kikundi cha madrasa kilirekodi, CD zikauzwa siku ya Maulidi ili tupate fedha za mabati. Hazikupita wiki mbili, kibanda kimoja mjini kikawa kinawatilia watu kaswida zile kwenye flash kwa bei ya kikombe cha chai. CD zetu hazikuibiwa hata moja. Zilikuwa kabatini, na kabatini ndiko zilikobaki. Baada ya hapo darasa lilitusikiliza vizuri tulipowasomea kuwa Majmau ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya OIC, ilikaa Kuwait Desemba 1988 na katika uamuzi wake namba 43 ikazihesabu haki za utunzi na uvumbuzi kuwa ni haki za wenyewe zenye thamani ya mali, zinazolindwa na sheria, na haifai kuzivamia.

Hoja ya pili, tuseme kweli, ilituudhi: ati Wajapani si Waislamu. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili azirudishe amana za watu kwa wenyewe. Wenyewe hao ni mushrikina wa mji uleule uliopanga kumuua. Mchoraji wa Tokyo amemfanyia nani kati yetu ubaya kama huo?

Ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni malipo. Mtoto wa hapa hana kadi ya benki, na kitabu kimoja kikiagizwa kutoka nje huzidi ada yetu ya mwezi. Hatuwezi kumwambia "nunua" kwa wepesi. Lakini wengi darasani hawakujua kwamba tangu Januari 2019 Shueisha ina programu yake ya simu, MANGA Plus, inayofunguka karibu nchi zote isipokuwa Japani, China na Korea Kusini. Sura za mwanzo na za karibuni kabisa husomwa bure, na anayetaka zaidi yapo malipo ya mwezi. Sura mpya za Jump hufunguka Jumapili saa 12 jioni kwa saa zetu. (Magharibi inakaribia wakati huo. Swala kwanza!) Basi anayefuata hadithi wiki hadi wiki hawezi kusingizia umaskini. Anachokosa ni subira ya siku tatu.

Zimebaki zile hadithi ambazo hazipatikani kihalali kwa lugha tunayoielewa. Kutopatikana hakuhalalishi kitu, lakini hatumpimi mtoto anayesoma kwa mizani ya mwenye tovuti. Huko Japani tovuti ya Mangamura ilifungwa Aprili 2018, aliyeiendesha akahukumiwa kifungo cha miaka 3 mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikamtaka awalipe wachapishaji watatu yeni bilioni 1.7 hivi.

Wazazi, tovuti hizo zina matangazo ya kamari na picha za uchi yanayojifungua yenyewe. Na hata manga za kulipia, si zote zinazomfaa mtoto wenu. Shikeni simu mtazame wenyewe, msimwachie ustadh.

Mwisho wa kipindi binti mmoja aliuliza: je, akiwatafsiria wadogo zake kwa Kiswahili nyumbani? Tukamjibu kuwa akiwasomea kwa mdomo hakuna ubaya, ila akitaka kuiandika na kuisambaza ataomba ruhusa kwa wenyewe. Akauliza anwani ya Shueisha. Barua anaiandika sasa kwa Kiingereza chake cha shuleni, nasi tumeahidi kununua stempu.