Tapeti Iachwe Ilie

Mwenyezi Mungu amemchukua mja wake, fundi wangu mkuu, aliyenifunza kazi katika gereji yake ya Mwembe Tayari, Mombasa. Na kwa kuwa wengi waliohudhuria maziko yake walimjua kwa swala na sadaka zake tu, nimeona ni faradhi kwangu kuieleza kazi yake, maana mimi ndimi niliyesimama ubavuni mwake nikimpa spana.

Ya utoto wangu si marefu: nilizaliwa Kisauni, nikasoma chuoni na skuli kwa kadiri ya uwezo wa mzazi wangu, kisha baba akanipeleka kwa fundi huyo akamwambia, “Nimekuletea mwanao.” Naye akanipokea kwa neno hilo hilo, akanianzisha kuosha vyuma kwa mafuta ya taa.

Siku zile Peugeot 404 ndiyo iliyotamalaki njia ya Nairobi, kwani Bert Shankland wa Dar es Salaam alikwisha shinda nayo mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967, na wenye teksi waliipakia abiria na mizigo wakapanda Mazeras, wakaipita Voi na Mtito Andei, bila kuihurumia. Slivu za injini ile, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji, hata mtu akifungua hedi akaizungusha krenki kabla ya kuzibana, huinuka, na maji yakashuka kwenye oili. Hilo hakuna fundi aliyelibishia. Lililomtenga marehemu na wenzake, nami nalitetea hata leo, ni nafasi ya tapeti, yaani upenyo mdogo uachwao baina ya valvu na mkono unaoisukuma.

Chuma kikipata moto hurefuka, na valvu ya kutolea moshi, ambayo hupitiwa na gesi iliyokwisha waka, hurefuka kuliko mwenziwe. Kwa hiyo, injini ikiwa imelala ikapoa, fundi huiachia nafasi kubwa zaidi, akaipima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo. Nafasi hiyo hutoa mlio mdogo, na mlio huo wenye magari aghalabu hawaupendi. Basi fundi mtaka sifa huikaza tapeti, injini ikanyamaza, mteja akafurahi. Kumbe valvu ikisharefuka kwenye mlima haikalii tena kiti chake sawasawa, wala haipati pa kulitua joto lake, na moto hupenya ukingoni ukaila. Marehemu alikuwa akiniambia, “Mwanangu, valvu inayolia utaisikia, inayonyamaza itakuunguzia hedi.”

Mwenye teksi mmoja hakuridhika na maneno hayo, akaipeleka gari yake gereji nyingine, ikanyamazishwa, naye akatangaza mjini kwamba fundi wetu masikio yamemfa. Haukupita muda gari ikarudi kwetu ikivutwa kwa kamba, valvu imeliwa ukingo. Marehemu hakumlaumu, aliisaga valvu mpya kwa mkono mpaka ikakaa kitini, akaipa nafasi yake, akatoza ujira ule ule wa siku zote. Waliokuwa gereji ile wangali wakidai kwamba chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Nami nawauliza, mbona valvu nyingine tatu za kutolea moshi nazo tulizikuta zimeanza kuungua?

Na mtu huyu alikuwa mwenye ahali hasa. Adhuhuri, hata injini ikiwa wazi na mwenyewe anangoja, alinawa mikono akaenda kula na mkewe na wanawe, kwani aliamini kwamba mwenye njaa na haraka hupima kwa kubahatisha. Alipoitwa bara kwa mshahara mkubwa alikataa, kwani mamake alikuwa kitandani hajiwezi; na mabinti zake aliwafunza kusoma fila geji sawa na wavulana, wala hakujali waliosema.

Enyi vijana, najua injini nyingi za leo hujirekebisha tapeti zenyewe kwa nguvu ya oili, na hitilafu mwasomewa na kompyuta. Lakini mteja atakaye kusikia gari imenyamaza, si kupona, hajaondoka duniani. Mwambieni kweli kabla ya kuipokea fedha yake, na akienda kwa mwingine, mwacheni aende. Ufundi bila ya ujasiri huo ni uchuuzi wa spea tu.