Antena nane, gemu linaganda: Yaliyonikuta Nyarubungo

Msomaji wangu, ukimwona mtu mzima anashuka basi Benaco jioni, kakumbatia boksi kama kichanga, usicheke. Yule nilikuwa mimi, na ndani ya boksi mlikuwa na ruta ya antena nane, nyeusi, taa nyekundu, yaani bab-kubwa! Ilinunuliwa kwa laki tatu na themanini za mpwa wangu, alizozidunduliza kwa bodaboda na magunia ya maharage. Alinitumia Dar na ujumbe mfupi tu: "Mjomba, wewe mtu wa mjini, nichagulie ya gemu."

Basi nikachagua.

Toka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,200. Unalala Dodoma ikipita, unaamka Singida, unakula Kahama, na ukifika Nyakanazi vilima vinaanza. Wazee wa njia hii watakwambia kuna miaka mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa ajili ya majambazi wa maporini. Safari hii hofu yangu ilikuwa moja tu: mama wa kiti cha jirani asije akaweka mkungu wake wa ndizi juu ya boksi langu.

Nyarubungo, huku kwenye ukanda wa Ngara na Biharamulo, hewa ni safi na usiku unataka sweta. Nilikuta washikaji wanne wa mpwa wamekwisha kaa mbele ya televisheni, PlayStation imewashwa. "Shikamoo mjomba!" kwa pamoja, kama shuleni. Boksi likafunguliwa, vijana wakashangilia. Mpwa akaigeuza ruta mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza chini. Kisha akauliza kwa sauti ya upole ambayo bado inaniuma:

"Mjomba, laini inaingia wapi?"

Kimya. Msomaji, haikuwa na sehemu ya laini! Ile ni ruta ya mwenye faiba iliyofika mpaka ukutani kwake, inataka kuchomekewa waya wa intaneti. Mpwa wangu ana mnara wa simu ng'ambo ya kilima, basi. Nilikuwa nimechemsha, tena kwa hela ya mtoto.

Na ajabu ni kwamba faiba ipo huku. Mkongo wa taifa unapita Rusumo kuingia Rwanda, na Kabanga kuingia Burundi. Ila barabara kuu kupita kijijini siyo basi kusimama mlangoni kwako. Nikampigia muuzaji. Akanijibu kwamba mali ikishauzwa hairudi, akakata.

Asubuhi mpwa, labda kwa kunihurumia, akanipeleka Rusumo nikaone maporomoko. Mto Kagera unanguruma chini ya daraja, na upande wetu malori ya kwenda Kigali yamepanga foleni. Simu yangu ikalia: nakaribishwa Rwanda! Nami sijavuka hata hatua moja. Ndipo mpwa akanieleza kwamba huku mpakani ukinunua ruta ya laini, hakikisha inakuruhusu kuchagua mtandao mwenyewe na kuubana hapo hapo, la sivyo itajihamia kwa jirani na salio litaliwa ile mbaya.

Tukiwa tunatazama yale malori, nikaelewa na jambo jingine. Gemu lenyewe halili data nyingi. Vifurushi vyake ni vidogo kama pikipiki, ila vinataka kupita sasa hivi. Dada akianza kupakia video WhatsApp, hayo ndiyo malori, na pikipiki inanasa nyuma yake. Ruta nzuri ina mpangilio wa kuipa gemu njia ya pembeni, kama gari la wagonjwa. Kwenye menyu hujiita QoS. Antena zingekuwa ishirini, bila huo mpangilio foleni ni ile ile.

Vijana wengi huulizia kasi, "inasukuma mega ngapi?", wakati kinachokufungisha magoli ya kijinga ni pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi mpaka kwenye seva, kwa milisekunde. Ndani ya faiba, kila kilomita 1,000 hula kama milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva za karibu za magemu mengi makubwa ziko Afrika Kusini. Ukizunguka Dar kwanza, hapo tu unakaribia 40, bado mnara haujadai chake. Ukiangukia seva ya Ulaya, mia unaipita kirahisi. Hakuna ruta duniani inayofupisha Bahari ya Hindi.

Tuliporudi tukasaka mjini Ngara ruta ya 4G iliyotumika, shilingi 95,000, safari hii kutoka mfuko wangu. Haina sura, lakini ina sehemu ya laini, inashika masafa ya 800, yale ya chini yanayofika mbali, na nyuma ina matundu mawili ya kufunga antena ya nje. Tukaiweka dirishani upande wa mnara. Kutoka hapo tukavuta waya mpaka kwenye PlayStation, maana Wi-Fi ya GHz 5 ina kasi lakini ukuta wa tofali unaimaliza, na ile ya 2.4 inapenya ila inayumba. Kwa simu tulikuwa tunapata pingi ya 190 ikiruka ruka. Sasa ikatulia kwenye themanini na kitu. Mpwa akafunga bao dakika ya 88, wakapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Kabla ya mechi kwisha umeme ukakatika. Ruta ya volti 12 inaweza kukaa kwenye betri ndogo ya akiba, televisheni haiwezi. Hilo tuliachia hapo.

Ile ya antena nane nimerudi nayo Dar, iko juu ya kabati. Dada kanipigia juzi, kasema hela ya mtoto irudi kabla ya msimu wa maharage. Kwa hiyo mwenye faiba nyumbani anione. Haijatumika, taa zote zinawaka, na bei inazungumzika.