Barafu Inayokwenda Kasenga

Sisi wa Lubumbashi samaki tunakutana naye sokoni. Kama hakukaushwa kwa moshi, amelala juu ya barafu katika soko la Kenya, anangoja bukari ya jioni. Kule anakotoka sikuwahi kufika mpaka Novemba ile, mvua zikianza, nilipopanda gari la kwenda Kasenga, kwenye ukingo wa mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini.

Tulibanana na mifuko ya unga, madumu ya mafuta na masanduku makubwa ya plastiki. Nilikalia moja.

“Baba, ondoka juu ya barafu yangu,” mama mwenye sanduku akaniambia. “Ikiyeyuka hapa, samaki wataniozea Kasomeno.”

Akafunua kifuniko kidogo nione. Vipande vya barafu vilifungwa kwa magunia, katikati vumbi la mbao, juu blanketi kuukuu. Barafu ananunua mjini, samaki ananunua mtoni, na faida yake imo katika saa zilizobaki kabla ya maji kuanza kuchuruzika. Wavuvi wake wanajua siku ya gari, na nyavu zao hutegwa kwa kuifuata siku hiyo.

Kasomeno njia inagawanyika: moja yaenda Kilwa na Pweto kwenye Ziwa Mweru, nyingine Kasenga. Hapo ndipo watu wanapozungumzia ule mradi wa Kongo na Zambia: barabara ya kilomita 184 mpaka Mwenda, na daraja la mita 345 juu ya Luapula. Madereva wa malori ya shaba wanahesabu siku watakazookoa kwenda Dar es Salaam. Mama wa barafu alikuwa na hesabu yake: njia ikiwa nzuri, atapeleka masanduku mawili zaidi.

Kasenga tulifika na matope hadi magotini. Ng'ambo ni Kashiba, Zambia. Mitumbwi inakwenda na kurudi, Kibemba ni kimoja pande zote, na muuza nyanya anakutajia bei kwa franka au kwa kwacha, upendavyo.

Mzee mmoja alikuwa akishona nyavu chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mpumbu, samaki aliyewahi kuupa mto huu sifa. Kati ya vita viwili vya dunia, wafanyabiashara Wagiriki waliweka makao hapa Kasenga, wakawa wanapeleka samaki kwa barafu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Mpumbu alipandisha mto majira ya mvua kwenda kutaga mayai, na nyavu zikamngoja njiani. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameadimika.

Zambia hufunga uvuvi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazae. Mzee alikuwa na neno juu ya hilo.

“Sisi na wa Kashiba babu yetu mmoja. Lakini mmoja wetu akikunja wavu na mwingine akatandaza wake, aliyekunja amemfugia mwenzake samaki. Tukunje siku moja, tutandaze siku moja.”

Hilo lishafanyiwa kazi kwingine. Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, na Mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Ila mipango ya namna hiyo huandikwa kana kwamba samaki anaishia ukingoni. Wa Luapula anaishia katika sufuria zetu. Mvuvi akikunja wavu na huku mjini bei ikapanda mara mbili, kuna atakayeutandaza usiku. Kwa hiyo Kasenga na Kashiba wakiitwa kikaoni, Lubumbashi nayo iitwe: wauza barafu, wenye magari, akina mama wa soko la Kenya. Wakubaliane, katika miezi ya kufunga uvuvi, masanduku yale yatabeba nini badala ya samaki wabichi, na nani atawakopesha mtaji wa kuanzia. Barafu isipopanda gari Desemba, askari wa kulinda mto watakuwa na kazi ndogo.