Kutoka Kongowe Hadi Chake Chake

Ukiipita Maili Moja kwa barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi, utafika Kongowe. Utajapo kwa kondakta, sema ni ya Kibaha. Iko nyingine mbele ya Mbagala, barabara ya Kilwa.

Tuseme wewe ni mkazi wa hapa, mzaliwa wa Pemba, na alfajiri umepata habari ya msiba Chake Chake. Maziko hayangoji. Utawahi?

Fanya hesabu. Kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 73 hivi, dakika 20 kwa ndege ndogo. Kutoka Unguja hadi Pemba ni kilomita 125 hivi, nusu saa. Angani, basi, haitimu saa moja. Lakini kutoka mlangoni pako hadi kiwanjani, mwendo ambao kunguru angeuruka kwa kilomita 40 tu, kuna Kibamba, Mbezi, Kimara na Ubungo. Foleni yaweza kula muda kuliko safari yote ya angani. Bado hujangojea ndege.

Kwa hiyo safari ihesabiwe tangu mlangoni, na jamaa waarifiwe mapema saa utakayofika. Wala haraka isikupandishe chombo kilichojaa kupita kiasi: Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikienda Pemba, ikaangamiza mamia. Aliyekosa maziko huwahi hitima. Aliyezama huwaachia wenziwe msiba wa pili.