Kibao cha Kinyozi

Msomaji, ukipata kupita katika soko la Masara, kaunti ya Migori, utaona mbele ya kibanda kimoja kibao chenye vichwa vinne vya wanaume vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, kila kimoja na mkato wake wa nywele. Kibanda hicho ni cha baba yangu mdogo. Kibao kilichorwa mwaka 1978 na fundi mpita njia, aliyelipwa kuku wawili na chakula cha siku tatu, wala hakuonekana tena. Mimi nilijifunza kusoma kwa maneno yaliyo chini ya vichwa hivyo kabla sijatia mguu shuleni.

Likizo moja, nikiwa mwalimu tayari, nilikikuta kibao kimekuwa cheusi. Jirani hukaanga samaki, na moshi wake ulikuwa umezifunika nyuso zote. Nikachovya kitambaa katika dawa ile ambayo wapaka rangi huoshea brashi, nikaanza kusugua pembe ya chini. Uchafu ulitoka upesi, nami nikafurahi, nikasugua tena. Nilipokitazama kitambaa nikaona kimekuwa buluu. Katika pembe ile fundi alikuwa ameandika jina lake kwa herufi ndogo, nami nimelifuta! Dawa hiyo huyeyusha mafuta, na rangi yenyewe hushikwa na mafuta yaliyokauka. Haibagui masizi na kazi ya mtu.

Niliuliza soko zima. Hapana aliyelikumbuka jina lile. Baba mdogo alisema tu, "Mwalimu, pumzika kwanza."

Muhula uliofuata niliwapeleka wanafunzi kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kutazama michoro ya kale katika miamba ya Kwitone na Mawanga: miviringo myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine. Mwanafunzi mmoja alifungua chupa anyunyize maji, ili rangi ing'ae apige picha. Mzee aliyetuongoza akamshika mkono. Maji, alisema, huupendeza mchoro kwa dakika moja, kisha huondoka na rangi kidogo. Wageni wengi wakifanya hivyo litabaki jiwe tupu. Wanafunzi walimtazama mzee. Mimi nilijitia kutazama ziwa.

Mwezi wa Desemba nilikirudia kibao. Safari hii nilizungushia pamba kwenye kijiti, nikailowesha kidogo tu kwa maji vuguvugu yenye tone la sabuni isiyo kali, nikaijaribu kwanza ukingoni, mahali pasipoonekana. Sikusugua, niliiviringisha pamba polepole, nikaitupa kila ilipogeuka nyeusi, kisha nikafuta kwa maji matupu na kukausha. Asubuhi nzima nilimaliza eneo la kiganja kimoja, na wateja walinicheka sana. Siku ya nne shavu la kwanza lilitokea, la kahawia yenye wekundu ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Palipobanduka hata mbao ikaonekana, nilijaza rangi papo hapo, nisivuke ufa. Kijana mmoja alinishauri nipake upya kibao chote, king'ae kama kipya. Naungama kuwa nilitamani.

Ile pembe ya chini niliiacha ilivyo. Siku hizi wateja huuliza ni nani aliyechora vichwa vile, na baba mdogo, mkasi mkononi, huwaonyesha doa jeupe, kisha hunielekezea kidevu.